Juisi ya embe iliyogeuka sukari iliyoungua

*"Mimi ni dereva wa lori, njia ya Mombasa hadi Kampala. Nilivuta sigara miaka 16, pakiti moja kwa siku. Huu ni mwezi wa nane natumia vepu, yaani sigara ya kielektroniki, na sigara za kawaida nimebakiwa na mbili tatu hivi, usiku, tukiwa kwenye foleni ya mpakani Malaba. Mwezi uliopita nilinunua vepu mpya yenye skrini ya kupandisha na kushusha wati. Koili yake imeandikwa 0.8, wati 12 hadi 16. Juisi ni ya embe, tamu sana, chupa imeandikwa VG 70 PG 30, nikotini miligramu 12. Siku mbili za kwanza ilikuwa embe kweli. Siku ya tatu ikaanza kuwa na ladha ya sukari iliyoungua, na mara nyingine nikivuta koo linakereketa ghafla, nakohoa hadi machozi. Muuzaji aliniambia nipandishe wati, nikafika 22. Ladha ikarudi siku moja, ikapotea tena. Utingo wangu anasema juisi ni feki. Mke wangu anasema ile harufu ni sumu, nitakuja kuugua. Nimebadilisha koili tatu ndani ya wiki mbili na kila moja ni pesa. Je, ninunue mashine yenye nguvu zaidi? Na rafiki yangu amenishauri nitie matone ya arki ya embe ya dukani ili ladha irudi. Ni sawa?"*

Ndugu dereva, nianze na swali lako la mwisho kwa sababu hilo haliwezi kungoja: usitie arki. Hata tone moja. Kama umeshatia, mwaga juisi yote iliyomo, toa koili, osha tangi kwa maji ya moto, likauke, uanze upya.

Arki ya dukani imetengenezwa kwa ajili ya keki na faluda, yaani kwa ajili ya tumbo. Ndani yake kunaweza kuwa na mafuta, rangi, sukari au spiriti, na tumbo lina njia ya kuvisaga hivyo vyote. Pafu halina. Mafuta yakiingia kwenye vifuko vya hewa hukaa hapo na kuleta uvimbe unaofanana na nimonia. Mwaka 2019 Marekani walipata mlipuko wa ugonjwa wa mapafu kwa watumiaji wa vepu. Kufikia Februari 18, 2020, watu 2,807 walikuwa wamelazwa au kufa, na waliofariki walikuwa 68. Kisababishi kikubwa kilichopatikana ni aina ya vitamini E yenye mafuta, ambayo wauzaji wa mitaani walikuwa wakiichanganya kwenye juisi za bangi ili ziwe nzito. Vitamini E ile ile ukiimeza kama kidonge haina neno.

Na si mafuta peke yake. Kuna kemikali iitwayo diasetili inayotoa harufu ya siagi, ambayo watu huila kwenye vyakula bila madhara. Mwaka 2000 iligundulika kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha bisi huko Missouri, waliokuwa wakivuta mvuke wake kazini kila siku, vijia vyao vidogo vya hewa vimeziba kwa makovu yasiyotibika. Kwa hiyo mtu akikwambia "hii ni ladha ya chakula, haina shida," mjibu kwamba wewe huili, unaivuta.

Sasa tuje kwenye embe yako. Nimesoma maelezo yako mara mbili, na nakuambia wazi: sioni dalili ya juisi feki. Kwa kawaida juisi mbaya ingejionyesha tangu mvuto wa kwanza. Yako ilikuwa nzuri siku mbili ikaharibika, ukapandisha moto ikarudi kidogo, ikaharibika haraka zaidi. Mwenendo huo ni wa koili inayokauka na kuungua. Ukielewa namna inavyoungua, utaokoa pesa zako na koo lako.

Bila shaka umewahi kuona kandili. Utambi umezama kwenye mafuta, mafuta yanapanda, na kinachowaka juu ni mafuta, wala utambi wenyewe hauishi haraka. Mafuta yakipungua chini, au ukiupandisha utambi kupita kiasi, unaanza kuungua wenyewe, chemni inajaa masizi na nyumba inanuka. Ndani ya koili yako mna kitu hicho hicho. Kuna waya au wavu mdogo wa chuma, umezungushiwa pamba, na pamba imelowa juisi. Umeme ukipita, chuma kinapata moto, juisi iliyo kwenye pamba inageuka mvuke, na nyingine inapanda kutoka kwenye tangi kujaza nafasi. Maadamu pamba imelowa, joto haliwezi kupanda ovyo, kama vile sufuria isivyoungua ikiwa bado ina maji.

Juisi yenyewe ni vimiminika viwili. PG ni propilini glikoli, nyepesi, huchemka kwenye nyuzi joto 188 na ndiyo hubeba ladha vizuri. VG ni gliserini, nzito na tamu kwa asili, huchemka kwenye 290, na ndiyo hutoa wingu kubwa. (Gliserini ile ya kujipaka ngozi usiifikirie kabisa kwa kazi hii.) Kwa hiyo kile unachokivuta si mvuke wa maji kama wengi wanavyodhani. Ni matone madogo mno ya vimiminika hivi, yakibeba nikotini na manukato.

Yako ina VG 70, yaani ni nzito kama asali nyembamba. Koili ya 0.8 (huo ni ukinzani wake wa umeme, kwa omu) kwenye kifaa kidogo ina matundu madogo pembeni ya kupitishia juisi, na nyingi kati ya hizo zimepimwa kwa juisi ya nusu kwa nusu. Juisi nzito inapita pale kwa kusuasua. Ukavuta mara moja, ukangoja, ukavuta tena, pamba inawahi kulowa. Lakini dereva aliyeshika usukani na mkono mmoja, lori limejaa, anavuta mara tano mfululizo. Mvuto wa tatu pamba imeshaanza kukauka katikati, wa tano chuma kimegusa pamba kavu. Hapo ndipo koo linakereketa ghafla na machozi yanakutoka. Na ikishaungua haiponi tena. Kuiosha kwa maji kutaondoa utando kidogo, lakini pamba iliyogeuka mkaa imekwisha.

Muuzaji akakuambia upandishe hadi 22. Sitaki kumlaumu sana, maana ladha ilirudi kweli, na nitakueleza kwa nini. Moto ukizidi, juisi nyingi zaidi inageuka mvuke kwa mvuto mmoja, na manukato mazito kama vanila na yale ya sukari, ambayo kwenye moto mdogo hayapandi vizuri, yanafika mdomoni. Lakini kutoka wati 14, katikati ya kipimo kilichoandikwa kwenye koili, hadi 22 umeongeza joto kwa zaidi ya nusu, huku matundu ya kupitishia juisi yakiwa yale yale. Umepandisha utambi na mafuta hayajaongezeka. Ile siku moja ya embe uliilipia kwa koili nzima.

Kisha kuna sukari. Chukua ile koili uliyoitoa majuzi, kama hujaitupa, uiangalie juani. Ukiona wavu umefunikwa gamba jeusi linalong'aa kama lami, na pamba imekuwa ya kahawia kama chai ya rangi, huo ni utamu uliogandia chumani. Juisi nyingi "tamu sana" zimetiwa sukralosi, ile sukari ya bandia wanayotumia wagonjwa wa kisukari. Manukato mengine huondoka na mvuke, lakini sukralosi hubaki kwenye chuma, inaungua tabaka juu ya tabaka. Gamba likiwa nene, chuma kinatumia moto kupasha gamba badala ya juisi, na kila mvuto unapita juu ya sukari iliyoungua. Mtu anayetumia juisi isiyotiwa utamu anaweza kukaa na koili moja wiki mbili hata zaidi. Mwenye juisi kama yako mara nyingi hamalizi wiki.

Jambo moja hukulitaja, nami nauliza kwa kuwa nimeshaliona kwa madereva wengine: chupa unaiweka wapi? Kama ni kwenye dashibodi, jua la kutoka Voi hadi Mtito Andei linapiga kioo saa nzima na ile juisi inapikwa kabla hata hujaivuta. Nikotini ikipata joto, mwanga na hewa inageuka rangi, juisi inakuwa ya kahawia na kuwasha koo kama pilipili manga. Manukato ya matunda ni mepesi, hayo ndiyo hutoroka ya kwanza, na unabaki na utamu mtupu. Weka chupa mahali penye kivuli, kifuniko kimebana. Na kifaa chenyewe vilevile, kwa sababu betri ya lithiamu ikikaa kwenye joto kali inaharibika, na ikivimba inaweza kuwaka. Ukiona mwili wa kifaa umevimba au unapata moto bila kuvutwa, usiichaji tena.

Mke wako naye anastahili jibu la kweli, kwa sababu amenusa kitu halisi. Wakati wa kukaanga viazi karai, mafuta yakipata moto kupita kiasi yakaanza kufuka, kuna harufu kali inayochoma macho na pua hadi mtu anafungua dirisha. Sehemu kubwa ya ukali huo ni akrolini, na inatokana na gliserini iliyomo ndani ya mafuta kuvunjika kwa joto. Gliserini ya juisi yako ikiunguzwa hutoa akrolini hiyo hiyo, pamoja na fomaldehidi, kemikali nyingine yenye sumu. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Portland State, Oregon, walichapisha matokeo yaliyotisha watu: kifaa walichokipima kwenye volti 3.3 hawakukuta fomaldehidi iliyojificha kwenye mvuke, lakini kwenye volti 5 waliikuta kwa wingi. Watafiti wengine, akiwemo Konstantinos Farsalinos wa Ugiriki, wakajibu kwamba kwenye moto ule koili inakuwa imekauka, na hakuna mtumiaji anayeweza kuuvumilia mvuto kama ule, maana ladha yake ni mbaya mno.

Hapo pana jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote niliyoandika. Pande zote mbili zinatuambia kitu kimoja kuhusu wewe: ile ladha ya kuungua ndiyo kipimajoto chako. Huna kingine. Skrini inakuonyesha wati, haikuonyeshi joto la pamba. Ulimi na koo ndivyo vinavyokuambia pamba imekauka na sumu zimeanza kutoka. Ukiongeza utamu ili usiisikie, ukitia arki, ukijizoesha kumeza kikohozi na kuendelea, umezima kengele na moto bado unawaka. Kwa hiyo mke wako ana haki kuhusu ile harufu. Mvuto ulioungua ni sumu zaidi ya mvuto wa kawaida, na tiba yake ni kuacha kuvuta pale pale, siyo kuongeza ladha.

Mashine yenye nguvu zaidi? Kwa hali yako nasema hapana. Zile kubwa za wati 60 na kuendelea hutumia koili zenye ukinzani mdogo, 0.2 hivi, matundu makubwa, hewa nyingi, na unavuta moja kwa moja hadi kifuani kama shisha. Ni kweli ladha yake ni nzito na juisi ya VG 70 inapita humo bila shida. Lakini kila mvuto unameza juisi mara kadhaa zaidi, na wenye kuzitumia huweka nikotini ya miligramu 3 au 6. Wewe ukimimina ya miligramu 12 humo utapata kichefuchefu, kizunguzungu, jasho baridi na moyo kwenda mbio, tena ukiwa barabarani na tani za mzigo nyuma. Bila hilo, gharama ya juisi itakushangaza.

Nikiwa mimi ningefanya hivi. Nunua juisi ya nusu kwa nusu, ya tunda lisilotiwa utamu, hata kama mwanzoni utaiona imepooza. Weka koili mpya, lakini kabla ya kuifunga dondoshea matone machache kwenye pamba kupitia yale matundu hadi uione imelowa, jaza tangi, kisha usiguse kitufe kwa dakika kumi au zaidi. Watu wengi huunguza koili kwenye mvuto wa kwanza kabisa kwa haraka tu. Anza na wati 12. Vuta taratibu sekunde tatu, ngoja nusu dakika, vuta tena. Kesho yake panda 13, halafu 14, na pale utakapoisikia embe vizuri bila ukali, kaa hapo hapo. Tangi lisishuke chini ya robo, hasa ukipanda mlima, kwa sababu juisi inahama upande mmoja na tundu la upande wa pili linabaki na hewa.

Kichezee na kitundu cha hewa pia, wengi hawakijali. Ukikibana, hewa kidogo inapita, mvuke unakuwa mzito na wa moto na ladha imekusanyika. Ukikifungua sana kwenye wati chache, hewa inaupoza na kuuchanganya hadi ladha inapwaya, na hapo ndipo mtu hukimbilia kupandisha wati wakati angebana kitundu tu. Kwa mtu aliyetoka kwenye sigara, kubana ndiko kunakofanana na alichozoea.

Na ikitokea kila kitu kiko sawa, koili mpya, moto mdogo, na bado huisikii embe, usiiguse skrini. Mwenye kuchoma udi nyumbani mwake kila jioni haisikii harufu yake. Mgeni akifika mlangoni ndiye anaisikia. Pua huchoka na kitu kimoja, na ladha nyingi ya juisi iko puani kuliko ulimini. Tena PG na gliserini hunyonya maji mdomoni, na ulimi mkavu hauonji. Kunywa maji, badilisha ladha siku mbili tatu, kisha rudi.

Sasa niruhusu niseme lile ambalo hukuliuliza. Mimi ni mfamasia, na nimekaa na wavutaji wengi wanaojaribu kuacha. Ninajibu suala la ladha kwa urefu huu kwa sababu nimewaona waliorudi kwenye pakiti nzima kwa kukerwa na koili iliyoungua. Wewe umetoka sigara ishirini hadi mbili tatu. Hiyo ni kazi kubwa umeifanya. Lakini zile mbili tatu za Malaba ndizo zinazonisumbua kuliko juisi yako, kwa maana moyo na mishipa ya damu huumizwa hata na sigara chache kwa siku, na faida kubwa ya vepu kwa mvutaji inapatikana akiacha sigara kabisa. Vepu si salama. Mvuke wake umekutwa na metali kama nikeli, kromiamu na risasi kutoka kwenye koili, nikotini yake inakushika vilevile, na asiyevuta sigara hana sababu hata moja ya kuianza. Ila kwa mtu wa pakiti moja kwa siku, moshi wa tumbaku inayowaka ni mbaya zaidi kwa mbali.

Kwenye utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa 2019, wenye wavutaji 886, waliopewa vepu na ushauri asilimia 18 walikuwa wameacha sigara baada ya mwaka, dhidi ya 9.9 waliopewa vibandiko, chingamu na dawa nyingine za nikotini. Matokeo mazuri. Lakini kati ya wale waliofanikiwa kwa vepu, asilimia 80 walikuwa bado wanaitumia baada ya mwaka huo. Kwa hiyo panga na mwisho wake: ukishaacha zile za usiku, shusha nikotini kutoka 12 hadi 6, halafu 3. Kwa foleni ya Malaba yenyewe, kibandiko cha nikotini cha famasia kinaweza kukuvusha usiku mzima. Vibandiko na chingamu ya nikotini viko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Tena kuna jambo la sheria: Uganda, kwa sheria yake ya tumbaku ya 2015, imekataza kuingiza na kuuza sigara za kielektroniki. Usivuke mpaka na chupa na koili kwenye kabini ukidhani ni kama kuvuka na bisikuti. Hiyo ni sababu nyingine ya kuwa na kibandiko mfukoni.

Nenda ukaonwe na daktari ana kwa ana kama kikohozi kimepita wiki mbili hata baada ya kubadilisha koili, na umwombe akupime kifua kikuu, usikubali kila kikohozi kisingiziwe vepu. Nenda siku hiyo hiyo ukiwa na damu kwenye makohozi, maumivu ya kifua, pumzi fupi hata ukiwa umekaa, au homa pamoja na kukosa pumzi, na umwambie daktari unatumia vepu na juisi gani, bila kuficha. Kama umeshavuta arki na kifua kinabana, usingoje. Nyumbani, chupa iwekwe juu, mahali penye kufuli. Ina rangi na harufu ya pipi, na kiasi kidogo cha nikotini kinaweza kumuua mtoto. Mtoto akiinywa, mkimbize hospitali na chupa yenyewe mkononi, msimlazimishe kutapika.

Fanya safari moja ya kwenda na kurudi na koili mpya kwenye wati 12, kisha niandikie uniambie umesimama kwenye wati ngapi, na usiku ule Malaba ulivuta ngapi.